Swichi ya kinga ya wavuti ikigoma kuwaka, angalia inaegemea nini

Unafungua antivirusi yako na kukuta rangi ya chungwa pale palipokuwa na kijani. Kinga ya faili imewaka, kinga ya ransomware imewaka, lakini kinga ya wavuti imezimwa. Unabonyeza swichi yake. Inasogea, inaandika kwamba inaanza, inakaa hivyo sekunde kadhaa, kisha inarudi ilipokuwa bila kusema neno. Unabonyeza tena, inarudi tena. Kwa wengine inawaka vizuri mchana kutwa, ila kila kompyuta ikiwashwa asubuhi wanaikuta imelala.

Wengi wakifika hapo hufanya moja kati ya mambo mawili. Huiondoa antivirusi yote na kuiweka upya, au huizoea ile rangi ya chungwa na kuendelea na kazi zao. La kwanza husaidia wakati mwingine, ingawa hufuta ushahidi wa kilichotokea. La pili linanisikitisha zaidi, kwa sababu kinga ya wavuti ndiyo inayosimama kati yako na ukurasa wa kitapeli kabla hujaandika neno lako la siri. Kinga ya faili haina la kufanya hapo. Ukurasa unaoiga benki yako hauna faili la kukamatwa, una fomu tu inayosubiri ujaze.

Katika kompyuta nyingi nilizozishughulikia, swichi yenyewe haikuwa mbovu. Ilikuwa ikitoa taarifa sahihi kwamba kitu fulani chini yake hakijasimama. Kwa hiyo kazi yote ni kushuka ngazi hadi ukikute hicho kisichosimama, na ili ushuke lazima ujue ngazi zenyewe ni zipi.

Nyuma ya kubonyeza mara moja

Nitazungumzia zaidi Windows, maana huko ndiko tatizo hili lina sura nyingi.

Dirisha la antivirusi unaloliona ni programu ya kawaida isiyo na mamlaka yoyote juu ya mtandao. Ukibonyeza swichi, dirisha linatuma ombi kwa huduma ya antivirusi, yaani programu isiyo na dirisha inayofanya kazi kwa mamlaka ya mfumo. Huduma nayo inaiita draiva, kipande kinachoingia ndani ya kerneli, kwenye kiini cha Windows ambako miunganisho yote ya intaneti hupita. Draiva haijitobolei njia yake. Inakwenda kujiandikisha kwenye jukwaa la uchujaji liitwalo Windows Filtering Platform na kuomba ionyeshwe kila muunganisho kabla haujaruhusiwa kutoka. Jukwaa hilo linasimamiwa na huduma ya Windows yenye jina Base Filtering Engine, kwa kifupi BFE. Na BFE haiwezi kusimama bila huduma ya RPC, ambayo sehemu nyingi za Windows huitumia kuwasiliana.

Dirisha, huduma, draiva, BFE, RPC. Ikikatika ngazi yoyote kati ya hizo tano, unachokiona wewe ni kilekile: swichi imerudi. Ndiyo maana watu wawili wenye dalili moja hupewa ushauri mmoja, mmoja akafanikiwa na mwingine akabaki palepale.

Mpangilio huu uliingia na Windows Vista mwaka 2007. Kabla yake, antivirusi nyingi zilijipachika ndani ya Winsock, sehemu ya Windows ambayo programu hupitia kufika kwenye mtandao, zikishikana mikono kama watu waliojipanga mstari. Mmoja akitolewa vibaya, mstari unakatika na intaneti yote inapotea. Amri ya `netsh winsock reset`, ambayo bado inapendekezwa kila mahali, ilikuja na Windows XP SP2 kutibu ugonjwa huo. Kwa antivirusi ya leo iliyojengwa juu ya jukwaa la uchujaji, mara nyingi amri hiyo haigusi panapouma. Ukiiandika huna hasara kubwa, ila usikasirike isipobadilisha kitu.

Kwanza, swichi inakataaje?

Kuna tofauti kubwa kati ya swichi ya kijivu isiyobonyezeka na swichi inayobonyezeka kisha ikarudi. Ya kijivu kwa kawaida haijaharibika kitu. Leseni imekwisha muda, au siku za majaribio zimeisha na programu imeshuka kwenye toleo la bure lisilo na kinga ya wavuti, au kompyuta ni ya ofisi na msimamizi ameifunga mipangilio. Hapo unakwenda kwenye ukurasa wa akaunti au kwa msimamizi wako, na hakuna amri itakayokusaidia.

Angalia pia saa na tarehe, hasa kwenye kompyuta ya zamani ambayo betri ndogo ya ubao mama imekufa. Tarehe ikirudi nyuma miaka kadhaa, vyeti vya usalama vinaonekana havijaanza kutumika, programu inashindwa kuzungumza na seva ya leseni, na kinga zinazotegemea leseni zinaweza kujizima.

Na kama umeiwasha kompyuta kwenye hali salama, yaani Safe Mode, usihangaike kabisa. Huduma na draiva nyingi za antivirusi haziamshwi humo kwa makusudi.

Swichi inayorudi ndiyo yenye kazi. Kabla ya chochote, iwashe kompyuta upya. Najua umeshafanya. Hata mdogo wangu aliponiletea laptopu yake alinitangulia: "Kaka, nimeshaizima na kuiwasha mara tano." Nikafungua Task Manager, upande wa utendaji, sehemu ya prosesa, tukasoma pamoja muda ambao mashine ilikuwa hewani. Iliandika 23:04:17:51. Siku 23, saa 4 na dakika 17, na sekunde zake. Yeye alikuwa akiizima kila usiku, na hakunidanganya.

Tangu Windows 8 ya mwaka 2012 kuna kitu kiitwacho Fast Startup. Ukichagua kuzima, Windows inafunga programu zako na kukutoa kwenye akaunti, lakini kerneli na draiva zake haizianzishi upya. Inazihifadhi zilivyo kwenye faili la hiberfil.sys, na ukiwasha inazirudisha zilivyokuwa. Draiva iliyokwama jana unaamka nayo leo. Anayeanza kila kitu upya ni Restart peke yake, au kuzima huku umeshikilia kitufe cha Shift. Sasa fikiria antivirusi iliyojisasisha: huduma imeshakuwa ya toleo jipya, draiva iliyo kwenye kumbukumbu bado ni ya zamani kwa sababu inangoja Restart ya kweli, na hizo mbili hazielewani. Kwa mdogo wangu, Restart moja ilimaliza habari.

BFE

Restart isipotosha, usiruke kwenda kuondoa programu. Jiulize swali moja: fayawoli ya Windows inawaka? Fayawoli hiyo nayo inaegemea BFE, sawa na baadhi ya huduma za VPN. Kama kinga ya wavuti imegoma na fayawoli ya Windows imegoma pamoja nayo, umeshapata mwelekeo. Tatizo liko chini kuliko antivirusi, na ukiiondoa na kuiweka upya mara kumi utarudi palepale.

Fungua Command Prompt kama msimamizi uandike `sc.exe query bfe`. Nimeandika `sc.exe` kamili kwa sababu kwenye Windows PowerShell herufi `sc` peke yake zina maana nyingine. Ni kifupi cha amri ya kuandika kwenye faili. Ukiandika `sc query bfe` humo hupati kosa wala jibu, bali unatengenezewa faili liitwalo query lenye neno bfe ndani yake. Nimeona watu wakitazama skrini isiyojibu na kudhani Windows imekufa.

Jibu likija, soma mistari miwili:

`STATE : 4 RUNNING`
`WIN32_EXIT_CODE : 0 (0x0)`

Hiyo ni afya njema, na unaweza kuruka kwenda kwenye draiva. Ukikuta `1 STOPPED`, jaribu kuianzisha kwa `sc.exe start bfe` kisha uulize tena hali yake. Namba ya kosa unayoiona sasa ina thamani kuliko ushauri wowote wa jumla.

Namba 1068 ina maana huduma ambayo BFE inaitegemea haikuanza. Shuka kwenye RPC. Hii ni nadra, kwa sababu RPC ikilala Windows nzima huyumba na ungeshagundua mapema. Namba 1058 inakuambia huduma imezimwa kwenye mipangilio, mara nyingi na programu ya "kuharakisha kompyuta" iliyoamua kwamba huduma fulani hazina kazi. Rudisha aina ya kuanza iwe ya kujiendesha. Namba 1060 inasema huduma hiyo haipo kabisa kwenye mfumo. Hiyo ni habari nyingine, nitaifikia.

Namba 5 nataka tukae nayo kidogo. Inamaanisha ufikiaji umekataliwa, na inashangaza kwa sababu wewe ni msimamizi wa kompyuta. Anayekataliwa si wewe. BFE inaendeshwa kwa utambulisho wake wenyewe, `NT SERVICE\BFE`, na huhifadhi vichujio vyake vya kudumu, yaani sheria za nini kipite na nini kizuiwe, kwenye rejista ya Windows, hifadhi ya mipangilio ya mfumo, ndani ya `HKLM\SYSTEM\CurrentControlSet\Services\BFE\Parameters\Policy`. Ikiwa programu fulani imevuruga ruhusa za ufunguo huo, BFE inafika kwenye nyumba yake na kukuta kitasa kimebadilishwa. Inazima.

Ushauri uliozagaa unasema nenda kwenye ufunguo huo, ongeza jina "Everyone", mpe ruhusa zote, washa upya. Na kweli BFE itasimama. Lakini tazama ulichokifanya: mahali zinapohifadhiwa sheria za nani aruhusiwe kupita kwenye mtandao, sasa panaweza kuandikwa na programu yoyote inayoendeshwa kwenye kompyuta hiyo, hata isiyo na mamlaka. Umewasha kinga ya wavuti kwa kuacha wazi chumba chenye funguo zake. Anayestahili kuongezwa pale ni `NT SERVICE\BFE` mwenyewe, jina lake likiandikwa hivyohivyo, na apewe kusoma na kuandika thamani, kuunda na kuorodhesha funguo ndogo. Hifadhi nakala ya ufunguo kabla ya kugusa chochote. Kama mkono wako haujazoea rejista, kuna njia ndefu iliyo salama zaidi: `DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth`, ikifuatiwa na `sfc /scannow`, kisha Restart. Amri hizo hutengeneza mafaili ya Windows, ila ruhusa za rejista zilizovurugwa zinaweza kubaki zilivyo; hapo kusakinisha Windows juu ya Windows iliyopo, bila kufuta mafaili yako, huziweka sawa nyingi.

Draiva isiyopakiwa

BFE ikiwa inatembea, panda ngazi moja. Fungua Event Viewer, kwenye kumbukumbu za System, tafuta maingizo ya Service Control Manager, msimamizi wa huduma za Windows, ya dakika ile ile uliyobonyeza swichi. Usisome maelfu ya mistari. Bonyeza swichi, tazama saa, kisha tafuta saa hiyo.

Ingizo namba 7000 linasema huduma au draiva imeshindwa kuanza na hutaja sababu. Namba 7001 inasema kilichoshindwa ni kile inachokitegemea. Namba 7026 hutaja draiva zilizopaswa kupakiwa wakati Windows inaamka na hazikupakiwa. Namba 7009 ni ya muda: Windows huipa huduma sekunde 30 kujitambulisha, na isipofanya hivyo huhesabiwa imeshindwa. Hiyo ya mwisho naikuta kwenye kompyuta za diski za kuzunguka, ambako asubuhi programu kumi zinagombea diski moja. Ndiyo siri ya kinga inayolala kila asubuhi lakini ukiiwasha saa moja baadaye inawaka bila tatizo. Kuna namna ya kuongeza muda huo kwenye rejista. Mimi napendelea kupunguza msongamano wa programu zinazojianzisha zenyewe, kwa sababu kinga inayochelewa dakika mbili ni dakika mbili ambazo kivinjari kimeshafunguka bila mlinzi.

Sababu nyingine ya draiva kukataliwa ni saini. Windows ya biti 64 haikubali kupakia draiva ya kerneli isiyo na saini ya kidijitali inayoitambua. Kosa namba 577 ndilo linalosema hivyo. Kwenye Windows 7 isiyosasishwa, tatizo huwa ni kwamba mfumo haujui kusoma saini za aina ya SHA-2 ambazo watengenezaji wote sasa wanazitumia. Sasisho la KB4474419 la mwaka 2019 ndilo lililokuja kulitatua. Lakini Microsoft iliacha kuihudumia Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na antivirusi nyingi zimeshaiacha pia. Ukiwa bado huko, kubali kwamba toleo jipya la antivirusi huenda halikutengenezwa kwa ajili yako.

Kwenye Windows 10 na 11 mgogoro huhamia kwenye ulinzi wa kumbukumbu uitwao Memory integrity, ulio ndani ya Core isolation. Huo hukataa draiva zilizoandikwa kwa mtindo wa zamani, na ukurasa wake huorodhesha majina ya draiva zisizopatana nao. Ukikuta draiva ya antivirusi yako humo, usizime ulinzi huo ili kuibeba. Tafuta toleo jipya la antivirusi. Kama mtengenezaji hajatoa, badilisha mtengenezaji.

Majirani

Microsoft Defender ina adabu ya kupisha. Antivirusi nyingine ikijisajili kwenye kituo cha usalama cha Windows, Defender huacha ulinzi wa papo kwa papo. Bidhaa mbili za watengenezaji wengine haziachiani hivyo. Kila moja inataka kuuona muunganisho kwanza, na ya pili kufika inaweza kushindwa kuanza au kuanza na kuanguka. VPN yenye kizuizi chake cha matangazo huingia kwenye msuguano huohuo, kama zinavyoingia fayawoli za ziada.

Jirani mgumu kuliko wote ni yule aliyeondoka. Antivirusi iliyoondolewa kwa njia ya kawaida huweza kuacha draiva au vichujio nyuma. Andika `netsh wfp show state` kwenye Command Prompt ya msimamizi. Itatengeneza faili la wfpstate.xml kwenye folda uliyopo, ambayo kwa kawaida ni `C:\Windows\System32`. Lifungue kwa kivinjari, utafute kwa jina kila antivirusi na VPN uliyowahi kuwa nayo. Ni faili refu na halivutii kusoma, lakini hapo ndipo nilipokuta, kwenye kompyuta moja ya kazini, jina la programu ambayo mwenye kompyuta aliapa kwamba aliiondoa miaka miwili nyuma. Alikuwa kweli ameiondoa. Vichujio vyake ndivyo vilivyobaki. Karibu kila mtengenezaji mkubwa hutoa kifaa maalumu cha kusafisha mabaki ya bidhaa yake; hicho ndicho cha kutumia, tena cha bidhaa ile ya zamani, wala si ile mpya inayolalamika.

Kama huna uhakika jirani ni nani, fungua msconfig, kifaa cha Windows cha kuchagua kinachojianzisha, ficha huduma zote za Microsoft, zima zilizobaki isipokuwa za antivirusi, kisha Restart. Kinga ikiwaka, rudisha huduma nusu kwa nusu hadi umpate.

Kosa linapokuwa si lako kabisa

Tarehe 27 Januari 2018, Malwarebytes, mtengenezaji wa programu za ulinzi, ilitoa sasisho lenye kasoro. Kwenye kompyuta za wateja duniani kote, matumizi ya kumbukumbu yalipanda ghafla na kinga ya wavuti ikaanguka. Kampuni ilitoa sasisho la kurekebisha ndani ya saa chache na ikaomba radhi. Aliyekuwa akihangaika na rejista mchana ule alikuwa akitibu kompyuta nzima isiyo na ugonjwa. Kwa hiyo kama kinga imelala bila wewe kubadilisha chochote, angalia ukurasa wa hali ya huduma wa mtengenezaji kabla hujafungua kitu. Tukio la CrowdStrike, kampuni nyingine ya ulinzi wa kompyuta, la tarehe 19 Julai 2024, ambalo Microsoft ilikadiria liliangusha vifaa milioni 8.5 vya Windows, nalo lilitokana na faili moja la sasisho lililosomwa na draiva ndani ya kerneli. Hapo chini hakuna kosa dogo.

Sasa nirudi kwenye ile namba 1060, huduma isiyokuwepo. BFE haijifuti. Kuna programu hasidi zilizojengwa kuifuta, na inayojulikana zaidi ni ZeroAccess, iliyosambaa sana hadi Microsoft na vyombo vya dola vya Marekani na Ulaya walipouvamia mtandao wake Desemba 2013. Iling'oa BFE, fayawoli na kituo cha usalama kwa pamoja ili kompyuta ibaki uchi. Mbinu za sasa ni za kimyakimya zaidi. Mwaka 2024 kampuni ya usalama ya Trend Micro ilieleza jinsi washambuliaji walivyojaribu kutumia kifaa kiitwacho EDRSilencer, ambacho hakiui programu ya ulinzi. Kinapandikiza vichujio kwenye jukwaa lilelile la uchujaji ili programu hiyo isiweze kuwasiliana na makao yake.

Ukikuta huduma za usalama zimetoweka, acha kutengeneza swichi. Chomoa kompyuta kwenye mtandao, ichunguze kwa kifaa kinachoamka kabla ya Windows, kama Microsoft Defender Offline au diski ya uokoaji ya mtengenezaji, na maneno yako ya siri uyabadilishe ukiwa kwenye kifaa kingine. Binafsi, kompyuta iliyong'olewa BFE naipangua na kuweka Windows upya baada ya kuokoa mafaili. Siwezi kumhakikishia mtu kwamba kilichofuta huduma hakikuacha kingine.

Kuondoa na kuweka upya, kwa mpangilio

Kama BFE inatembea, majirani hawapo na draiva bado haitaki, sasa ni zamu ya kuondoa. Tumia kifaa cha kusafisha cha mtengenezaji, Restart, halafu pakua faili jipya la usakinishaji kutoka kwenye tovuti yake rasmi badala ya lile lililokaa kwenye folda ya vipakuliwa tangu mwaka juzi. Sakinisha, Restart tena. Watu huruka Restart ya katikati, na draiva ya zamani iliyosubiri kufutwa inagongana na mpya inayotaka kuandikwa mahali palepale.

Kwenye Mac hadithi ni fupi. Tangu macOS Big Sur ya mwaka 2020, ulinzi wa aina hii unapitia nyongeza za mfumo, na mtumiaji lazima akubali kwa mkono wake kwamba programu fulani ichuje maudhui ya mtandao. Dirisha la ruhusa hutokea mara moja, mtu akabonyeza kukataa bila kusoma, na swichi haiwaki tena hadi aende kwenye mipangilio ya mfumo kuiruhusu. Kwenye Android, kinga nyingi za wavuti hujifanya VPN ndani ya simu, na Android huruhusu VPN moja tu kwa wakati. Ukiwasha VPN yako ya kazini, kinga inalala. Ile nyingine inayotegemea huduma za ufikivu (Accessibility) hulazwa na mfumo wa kuokoa betri. Itoe kwenye orodha ya programu zinazobanwa.

Wakati unatafuta, na baada ya kupata

Usibaki wazi siku zote za kutafuta. Vivinjari vina ulinzi wao: Chrome na Firefox hutumia orodha za Google Safe Browsing, Edge hutumia SmartScreen. Hakikisha havijazimwa. Unaweza pia kuiambia kompyuta itumie DNS ya Quad9, 9.9.9.9, ambayo tangu mwaka 2017 hukataa kutafsiri majina ya tovuti zinazojulikana kuwa hatari. Ulinzi huo haufiki mbali kama wa antivirusi, kwa sababu unaona jina la tovuti tu na hauoni ukurasa wenyewe, lakini hauhitaji draiva wala BFE.

Swichi ikishakuwa ya kijani, usiiamini kwa rangi. AMTSO, shirika linaloshughulikia viwango vya kupima antivirusi, lina kurasa za majaribio zisizo na madhara, mojawapo ikijifanya ukurasa wa kitapeli. Kuna pia faili la EICAR, herufi 68 ambazo antivirusi zote zimekubaliana kulichukulia kama kirusi. Jaribu kulipakua. Kisha soma kwa makini onyo linalokuja linatoka kwa nani. Kama lina alama ya kivinjari, kivinjari ndicho kilichokulinda na hujajua lolote kuhusu antivirusi. Rudia kwenye kivinjari kingine hadi uone ukurasa wenye jina la antivirusi yako. Halafu fanya Restart, subiri dakika tano, ujaribu tena.